Mshale wa Spidi Uliotembea Gari Likiwa Limesimama

Ufundi wa magari nilijifunzia kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Ni kilomita 30 na kitu za lami nyembamba, kona juu ya kona, zinazopanda milima ya Usambara. Unaondoka chini kwenye joto la mashamba ya mkonge, unafika juu, karibu mita 1,400, unatafuta sweta. Katikati kuna Soni na maporomoko yake. Ukiipita Lushoto, enzi hizo, lami ilikuwa imekwisha. Mpaka Lukozi, Mlalo na Mtae ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Gari lenye ugonjwa wa siri linaweza kuzunguka Korogwe na Tanga miezi kadhaa bila kujulikana. Kwenye mlima ule ugonjwa hujitokeza kabla hujafika Soni.

Mjomba wangu alikuwa na Land Rover 109, Series IIA, aliyoinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya shirika moja la umma. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Toleo la IIA lilitengenezwa kati ya 1961 na 1971, kwa hiyo gari lilipofika mikononi mwetu lilikuwa limekwisha kula chumvi nyingi. Mjomba alilitumia kubeba kabichi, viazi na matenga ya matunda kutoka Lukozi hadi Mombo, na abiria wachache walioketi juu ya mizigo. Mimi, likizo za shule, nilikuwa utingo: kupakia, kupiga hendeli, na kuweka jiwe nyuma ya tairi gari likisimama mlimani.

Mjomba hakuwa na cheti cha ufundi. Alikuwa na boksi la spana za inchi, bisibisi mbili, kipande cha msasa, na taa ndogo ya volti 12 aliyoiunganisha na nyaya mbili. Zaidi ya hapo alikuwa na subira ya kuliuliza gari maswali kabla ya kulifungua. Leo nina gereji yangu Tanga, zana nilizonazo ni nyingi kuliko zile mara kumi, na bado maswali yale ndiyo yanayoniingizia wateja. Ninayaandika kwa sababu naona wenye magari ya zamani wakinunulishwa spea baada ya spea, na gari linabaki na ugonjwa wake.

Swali lake la kwanza halikubadilika: "Limezima ghafla, au limezima kwa kukohoa?"

Injini ya petroli ya aina ile huzima kwa sababu ya moto wa plagi au kwa sababu ya mafuta, na kila moja ina namna yake ya kuzima. Umeme ukikatika, injini hufa pale pale, tena ikiwa na nguvu zake zote. Mafuta yakipungua, gari huanza kuchoka, linatikisika, linakohoa, ukiachia pedali linapata nafuu, ukiikanyaga linalegea tena, halafu linazima. Kanuni hiyo haikosi kuwa na matukio yanayokwenda kinyume, lakini hukuonyesha pa kuanzia, na mlimani pa kuanzia ni jambo kubwa.

Kuna kipindi gari lilikuwa likizima kwenye kona za chini ya Soni, injini ikiwa imepata moto. Tukingoja kivulini kama nusu saa, linawaka na kuendelea. Dereva aliyekuwa akimsaidia mjomba alikuwa na hakika kwamba petroli inachemka ndani ya pampu. Jambo hilo lipo kweli kwenye magari ya zamani, yenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Akawa analowesha kitambaa na kuifunika pampu. Gari likiwaka, kitambaa kinapata sifa. Lakini katika nusu saa ile kila kitu chini ya boneti kilikuwa kimepoa, siyo pampu peke yake.

Siku mjomba alipokuwemo safarini, gari likazima pale pale. Dereva akashika kitambaa.

"Weka chini hicho," mjomba akamwambia. "Likipona sasa hivi, tutajuaje lilikuwa linaumwa nini?"

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Ugonjwa upimwe ukiwa bado upo. Gari lililopoa limeficha ushahidi, na fundi analipokea gereji likiwa zima, analizungusha mtaani mara moja, anarudi kuuza pampu.

Mjomba alichomoa bomba la mafuta pale linapoingia kwenye kabureta, akalielekeza kwenye kikopo mbali na eksozi, nami nikapiga hendeli. Petroli ikaruka kwa mkupuo, tena na tena. Kwa hiyo mafuta yapo, pampu nzima, bomba halijaziba. Nusu nzima ya injini ikatoka kwenye mashaka. Akarudisha bomba na kufuta petroli iliyodondoka, akangoja ikauke, ndipo akachomoa waya mnene wa koili katikati ya kifuniko cha distributa, akaushika kwa kitambaa kikavu, ncha yake ikiwa karibu na chuma cha injini. Nikapiga hendeli. Cheche ikatoka nyembamba, ya njano, mara ipo mara haipo. Cheche yenye afya ni ya buluu, na unaisikia ikilia.

Akafungua kifuniko cha distributa, akanyanyua rota, akaniita nije nitazame huku dereva akizungusha injini. Pointi zilipokuwa zikiachana, kati yake palikuwa pakiwaka moto mdogo wa buluu kila mara. Umeme uliopaswa kwenda kwenye plagi ulikuwa unaishia pale. Kondensa ilikuwa imekufa.

Kondensa ni kikopo kidogo cha bati kilichoshikwa na skrubu moja karibu na pointi. Pointi zikiachana, umeme wa koili hutaka kuendelea kuruka kwenye ule mwanya. Kondensa huupokea kwa nukta ile, ili nguvu ya sumaku ndani ya koili ianguke kwa ghafla. Ni huko kuanguka kwa ghafla kunakozalisha maelfu ya volti za plagi. Kondensa ikichoka, mara nyingi huanza kwa kugoma ikipata joto. Ikipoa inafanya kazi. Ndiyo maana kivuli cha Soni kilikuwa kinatuponya.

Lori lililokuwa likishuka lilisimama, na dereva wake akatoa kondensa kuukuu kwenye boksi lake la zana. Haikuwa ya Land Rover, lakini kondensa za magari ya volti 12 hukaribiana sana. Mjomba aliifunga nje ya distributa, akaiunga kwa kipande cha waya, akasafisha pointi kwa msasa laini na kuzipima mwanya kwa kibati cha fila: milimita 0.35 hadi 0.40 kwa injini ile. Tukapanda mpaka Lushoto bila kusimama, na kondensa ile ikabaki palepale nje muda mrefu.

Upande wa mafuta nao una vituko vyake. Gari lile liliwahi kuanza kuchoka kwenye tambarare, kati ya Mombo na Korogwe, baada ya mwendo wa dakika kadhaa. Linakohoa, linalegea, linazima, ukilipumzisha linaondoka. Gereji moja mjini ilimuuzia mjomba pampu mpya. Ugonjwa ukabaki. Ikasafisha kabureta. Ugonjwa ukabaki. Njiani wakati wa kurudi gari lilipoanza tena kukohoa, mjomba alisimama pembeni injini ikiwa bado inanguruma kwa shida, akafungua kifuniko cha tangi. Hewa ikavutwa ndani kwa kishindo, injini ikatulia. Kifuniko cha awali kilikuwa kimepotea, na kilichowekwa badala yake hakikuwa na tundu la kupumulia. Petroli ilikuwa inatoka, hewa haiingii kujaza nafasi yake, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Kazi nzima ya kuponya ugonjwa ule ilikuwa kutafuta kifuniko chenye tundu. Jaribio la kuujua halikugharimu hata senti.

Basi nije kwenye siku ya gulio la Lukozi, maana ndiyo iliyonifanya nitake kuwa fundi.

Ilikuwa masika. Gari limejaa kabichi mpaka juu ya turubai, mama mwenye mzigo amekaa mbele, anawahi lori la Dar es Salaam linalopakia Mombo. Tairi la nyuma likadidimia kwenye tope pembeni mwa soko. Dereva akaweka rivasi, akaachia klachi kwa pupa, akarudisha gia ya kwanza, akakanyaga. Tukasikia mlio mmoja mkavu chini ya gari, na tangu hapo gari halikusogea tena. Injini inanguruma, gia imeingia, klachi imeachiwa, gari limetulia. Dereva akashuka ameshika kichwa. "Mzee, klachi imekwisha," akamwambia mjomba. Watu wakakusanyika, na kila mmoja akasema klachi. Mama akaanza kuulizia gari jingine, na ungemwelewa: kabichi haisubiri.

Kubadilisha klachi ya Land Rover ile ni kung'oa sakafu na viti na kuisogeza giaboksi nyuma. Kule Lukozi, kwenye tope, ni kazi ya siku na siku.

Mjomba akapanda kwenye usukani, akawasha, akaweka gia ya pili, akaachia klachi taratibu. Kisha akaniita dirishani. "Mpwa wangu, tazama mshale wa spidi."

Mshale ulikuwa unapanda. Gari halijatoka hata unyayo mmoja, na mshale unaonyesha tunatembea.

Akatueleza, mimi na dereva, bila kupaza sauti. Kwenye Land Rover ile waya wa spidi hauanzii kwenye gurudumu. Unaanzia nyuma ya giaboksi, pale propela ya nyuma inapoanzia. Mshale ukitembea, maana yake nguvu imetoka kwenye injini, imepita klachi, imepita giaboksi, na imefika kwenye propela. Klachi ingekuwa imekwisha, mshale ungelala. Kwa hiyo kilichokatika kiko mbele zaidi ya hapo, kuelekea magurudumu. Nikaagizwa nichungulie chini kwa mbali: propela ya nyuma inazunguka, magurudumu yametulia. Hafshafti imekatika. Ekseli za nyuma za IIA zilijulikana kwa udhaifu huo, hasa zikishtuliwa mbele na nyuma namna ile, na mzigo ukiwa juu yake.

Kisha akabonyeza kile kirungu cha njano kilicho sakafuni, kinachounganisha magurudumu ya mbele, na gari likajikwamua lenyewe, likivutwa kwa mbele.

Lakini hakuondoka hivyo hivyo. Alifungua bolti sita za kitovu cha gurudumu la nyuma, akavuta hafshafti: kipande cha kwanza kikaja mkononi, cha pili ikabidi akitafute ndani kwa waya uliokunjwa ncha, kwa kuwa kipande cha chuma kikibaki kinaweza kuingia kwenye meno ya difu na kuyasaga. Akakirudisha kitovu peke yake mahali pake ili vumbi lisiingie na oili isitoke. Nusu ya kabichi ikashushwa ikapewa gari jingine, maana ekseli ya mbele sasa ilikuwa inavuta kila kitu peke yake. Tukashuka Mombo kwa mwendo wa pole, na mama akaliwahi lori lake.

Nimekwisha kuona mafundi hodari wa mikono wakipoteza siku nzima kwa kukosa lile jicho la mshale wa spidi. Nguvu, umeme, mafuta, maji, vyote hupita njia yenye mwanzo na mwisho. Ukipata mahali pamoja katikati ya njia panapokuambia "kimefika mpaka hapa", umeokoa nusu ya kazi, na hakuna spana iliyochafuka bado.

Ile taa ndogo ya mjomba ilikuwa ya kazi hiyo hiyo kwa upande wa umeme. Waya mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye ncha ya koili inayokwenda kwa distributa, swichi ikiwa imefunguliwa. Zungusha injini. Taa ikiwaka na kuzima, pointi zinafanya kazi yake na umeme unapita kwenye koili. Ikiwaka tu bila kuzima, pointi hazigusani, au zimechafuka. Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki kwenye koili, ama pointi zimegandana, ama ule waya umegusa bodi. Kwa taa hiyo kijana wa kidato cha kwanza anaweza kuupima umeme wa plagi kwa dakika tano.

Kuna ugonjwa mwingine wa umeme ambao wengi hawaufikirii: njia ya kurudi. Asubuhi moja ya baridi mjomba alivuta stata, injini ikazunguka kwa uvivu, na waya wa choki ukaanza kutoa moshi mkononi mwake. Betri ilikuwa nzima. Injini ya gari hukaa juu ya raba, kwa hiyo lazima kuwe na mkanda wa shaba unaoiunganisha na chesesi ili umeme wa stata urudi kwenye betri. Mkanda wetu ulikuwa umeliwa na kutu, na umeme ukatafuta njia nyingine: ukapitia kwenye waya mwembamba wa choki. Unaweza kumaliza betri mbili na stata moja kwa kutokujua hilo. Njia ya kuligundua ni kuweka jampakebo kutoka ncha ya betri iliyofungwa bodini hadi kwenye chuma cha injini. Stata ikichangamka, ugonjwa ni mkanda. Au mtu avute stata sekunde chache, kisha uguse maungio moja moja kwa kidole: penye moto ndipo umeme unapokwama. Angalia tu kwanza betri imefungwa vipi, kwa sababu IIA za kabla ya 1967 zilifungwa ncha chanya bodini, kinyume cha magari ya leo.

Kuhusu kuchemsha nina ugomvi wa miaka mingi na mafundi wenzangu. Gari likichemsha, wengi hutoa themostati na kuitupa. Kazi ya themostati ni kuiwahisha injini ifike kwenye joto lake na ibaki hapo. Ukiitoa, gari linalokaa Lushoto hutembea baridi asubuhi nzima. Petroli isiyoungua vizuri huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Na ule ugonjwa uliolifanya lichemshe bado upo. Kama unaishuku themostati, itie kwenye sufuria ya maji jikoni uyachemshe. Ikifunguka ni nzima, isipofunguka nunua nyingine.

Mara nyingi kosa liko nje na linaonekana: fenibelti imelegea, au mapezi ya rejeta yamejaa tope na mbegu za nyasi, au kifuniko cha rejeta hakibani. Kifuniko hicho watu hukidharau. Kwenye kimo cha Lushoto maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, siyo 100. Kifuniko kizima hubana maji na kukipandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 10. Raba yake ikifa, umempa mlima ushindi. Kagua hayo injini ikiwa imepoa, wala usifungue rejeta yenye moto hata kama una haraka. Ukiyakuta yote mazima, na bado maji yanatoa mapovu mfululizo kwenye rejeta injini ikiwashwa, au oili kwenye dipstiki imekuwa kama chai ya maziwa, hapo ndipo uanze kuzungumza habari ya gasketi ya silinda hedi.

Breki zenyewe husema kwa mguu. Pedali ikizama, lakini ukiipiga mara mbili inapanda, viatu vya breki vimekaa mbali na ngoma, vinahitaji kurekebishwa. Ikibonyea-bonyea, kuna upepo ndani ya mabomba. Ukiikanyaga ikashika, kisha ikaendelea kushuka polepole chini ya mguu wako, raba za masta silinda zinapitisha. Usiteremke Mombo na gari hilo. Na hata breki nzima za ngoma huchoka zikipata joto, kwa hiyo mteremko shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Magari ninayoletewa siku hizi mengi ni Toyota za miaka ya 1990, na baadhi huja na karatasi ya mashine ya kupimia imesema sensa fulani ina hitilafu. Sensa inabadilishwa, taa ya injini inarudi. Mashine imeeleza ilichokiona. Haikusema kama waya wa sensa umekatika, au hewa inaingia pasipostahili. Kazi ya kufuata njia bado iko palepale.

Kwa hiyo ninakuomba wewe mwenye gari la zamani: fundi akikuambia kitu kimekufa, mwambie kwa heshima, "Fundi, naomba unionyeshe." Akuonyeshe cheche ikiwa hafifu, petroli isiporuka, taa isipowaka. Fundi anayejua kazi hatachukia, atafurahi kukuonyesha. Badilisheni kitu kimoja, mjaribu, ndipo mwende kwenye cha pili. Kile cha zamani dai upewe, ukiweke kwenye gari kama bado kinafaa, kwa kuwa spea mpya nyingi za sasa hazidumu. Nanyi wenzangu mnaofundisha vijana gereji na kwenye vyuo vya VETA, mpeni kijana taa ya kupimia wiki ya kwanza, na spana muda wake utafika.